Tazama Dari Kabla ya Mlango

Mgeni anayefika Mji Mkongwe wa Unguja huelekezwa kwanza kwenye milango. Husimamishwa Hurumzi au Shangani mbele ya mbao nzito za msaji, akaonyeshwa miimo iliyochongwa minyororo, samaki na mitende, mfaa uliosimama katikati ya mbawa mbili, na njumu za shaba ambazo husemwa kwamba asili yake ni India, kuwazuia tembo wa vita wasisukume mlango. Kisha huambiwa kwamba hii ni kazi ya Waarabu wa Oman. Anayefika Muscat husimuliwa kisa hicho hicho kwa upande wa pili: Oman ilikuwa dola ya baharini, ikavuka bahari, ikaijenga Zanzibar. Masimulizi haya mawili yanaoana mno, na ndiyo sababu nayatilia shaka. Nimeziangalia nyumba za pande zote mbili nikitafuta kitu kimoja, nacho ni ushahidi wa nani alimpa nini mwenzake, na ninachotetea hapa ni kwamba uhusiano wa nchi hizi unasomeka vizuri zaidi darini kuliko mlangoni. Mlango unamwonyesha aliyekuwa na fedha, na jinsi alivyotaka atazamwe na wapita njia. Dari inaonyesha mali ilitoka wapi, na ni mabega ya nani yaliyoibeba.

Tuiangalie dari yenyewe kwa karibu. Katika nyumba ya mawe ya zamani, iwe Malindi ya Unguja au Lamu, ukiinua macho utaona boriti za mkoko zimelazwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kwa nafasi finyu, vichwa vyake vimezama ndani ya mawe na chokaa. Boriti hizi si mbao za kupasuliwa. Ni miti mizima iliyomenywa gome, kila mmoja na kombo lake na kifundo chake, na fundi mzuri alijua kuupanga mti wenye tumbo karibu na mwenzake wenye kiuno ili dari isiyumbe. Juu yake hulazwa vipande vya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, vikapondwa kwa magongo kwa siku nyingi mpaka vikashikana vikawa sakafu ya ghorofa ya juu. Sasa pima chumba. Utakuta kirefu na chembamba, upana wake mita 3 hivi au pungufu. Upana huo haukutokana na dini wala desturi. Huo ndio urefu wa boriti inayoweza kubeba sakafu ya mawe bila kupinda. Mwenye nyumba aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha tu, maana kuupanua kulihitaji mbao za gharama kutoka ng'ambo. Nenda Muscat au Sur, kisha pandisha Ghuba mpaka Bahrain na Kuwait, uziangalie nyumba za zamani za wafanyabiashara. Juu ya boriti mara nyingi utakuta mikeka ya makuti ya mtende na udongo badala ya matumbawe, lakini miti ni ile ile, huko wakiiita chandal, na chumba kina wembamba ule ule. Watu waliotengana kwa maelfu ya kilomita walilala katika vyumba vya kipimo kimoja kwa sababu walitegemea msitu mmoja.

Msitu huo uko kwetu. Boriti zilikatwa zaidi katika delta ya Rufiji na katika visiwa na vijito vya Lamu. Wakataji waliingia na mitumbwi maji yakijaa, wakakata yakipwa, miguu ikizama matopeni, wakaivuta miti mpaka mkondoni na kusubiri maji yarudi kuipeleka chomboni. Mkoko, msinzi na mkandaa kila mmoja ulikuwa na kazi yake, na sokoni miti iligawanywa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikihesabiwa kwa korija, yaani miti 20 kwa 20. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakapandisha na kusi yakiwa yamesheheni miti mpaka juu ya sitaha. Biashara hiyo ilidumu hadi karne ya 20. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri na chombo cha Wakuwaiti katika msimu wa 1938 na 1939, alishuhudia kikipakia miti Rufiji kwa ajili ya nyumba za Ghuba. Ni fedha za mafuta, na saruji na nondo zilizokuja pamoja nazo, zilizoikata biashara hiyo.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema: hiyo ni biashara tu, nayo ni kongwe kuliko dola ya Oman. Kweli. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alisema nyumba za bandari ya Siraf, upande wa Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani mwambao wetu. Wakati huo hapakuwa na liwali wa Kiomani popote katika mwambao wetu. Basi mti uliovuka bahari si ushahidi wa utawala, na sitaki kuufanya uwe hivyo. Ushahidi wa utawala ninautafuta katika kilichobadilika. Kwa karne nyingi boriti zilikwenda Arabuni na bidhaa zikarudi, kila upande ukinunua kwa mwenzake. Katika karne ya 19 kilichoanza kuvuka bahari hiyo kilikuwa kitu kingine: faida ya mashamba na ya watu waliouzwa, na faida hiyo haikurudi kwa walioizalisha. Njia ya vyombo ilibaki ile ile, lakini hesabu yake ikageuka. Kwa hiyo ukongwe wa biashara hauvunji hoja yangu. Unatupa kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa tunajua jinsi bahari hii ilivyofanya kazi kabla mtu mmoja hajawa mtawala wa pande zake zote mbili.

Mabadiliko hayo yana tarehe. Wareno walishika Muscat mwaka 1507, wakajenga huko ngome za Jalali na Mirani katika miaka ya 1580, na Mombasa wakajenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596. Waomani chini ya nasaba ya Yaaruba waliwafukuza Muscat mwaka 1650, na mwishoni mwa 1698, baada ya mzingiro wa karibu miaka 3, wakawatoa Mombasa. Unguja nako, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, wakajenga Ngome Kongwe tunayoiona Forodhani leo. Hata hivyo kwa zaidi ya karne moja mshiko wao katika mwambao ulikuwa legelege. Ukoo wa Wamazrui wa Mombasa ulijitawala mpaka 1837. Aliyeugeuza utawala wa mbali kuwa makao alikuwa Seyyid Said bin Sultan wa nasaba ya Busaidi. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akajenga kasri la Mtoni, na kufikia 1840 baraza lake lilikuwa limehamia huku. Karafuu zilikuwa zimeshaingia kisiwani mapema katika karne hiyo. Said akazisukuma kwa amri na kwa mfano wake mwenyewe, ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja ikageuzwa mashamba, na mashamba yakajazwa watumwa waliotolewa bara kupitia Kilwa na Bagamoyo, wengi wao wakitokea sehemu za Ziwa Nyasa na Ruvuma. Katikati ya karne Zanzibar ilikuwa mzalishaji mkubwa wa karafuu kuliko nchi yoyote duniani. Nyumba nyingi za mawe tunazoziita za Kiomani zilijengwa baada ya hapo. Tarehe zenyewe zinashuhudia kwamba zilijengwa kwa jasho la shamba.

Mwaka 1856 Said alifariki baharini akirudi kutoka Muscat, na wanawe wakagombana, Thuwaini akiwa Muscat na Majid akiwa Zanzibar. Waingereza wakaingilia kati kwa maslahi yao, na mwaka 1861 Lord Canning, gavana mkuu wa India, akatoa uamuzi: nchi mbili zitengane, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Nadhani hakuna hati inayofafanua uhusiano huu kuliko hiyo. Uamuzi wenyewe ulieleza kwamba malipo hayo yalikuwa ya kusawazisha urithi usiolingana. Maana yake ni kwamba miaka 5 tu baada ya kifo cha Said, kila aliyehusika alikiri kuwa nchi iliyotawaliwa ilikuwa tajiri kuliko nchi iliyotawala, na kwamba Muscat isingeweza kujikimu bila sehemu ya pato la Unguja. Mfano wa karibu ninaoujua ni wa Ureno, ambayo familia yake ya kifalme ilihamia Rio de Janeiro mwaka 1808 ikimkimbia Napoleon, na Brazil ikawa kitovu cha dola iliyoizaa. Tofauti ni kwamba Said hakuwa akikimbia jeshi. Alifuata mali.

Mali hiyo inaonekana Oman kwa macho, ingawa vibao vya watalii havisemi sana. Katika eneo la Sharqiya, mji wa Ibra una mtaa wa zamani wa Manisfah wenye majumba ya familia za wafanyabiashara, baadhi yake leo yameanguka dari na kubakia kuta na matao. Sharqiya ndiko walikotoka Waharthi, ambao ni miongoni mwa Waomani waliotangulia kulowea Unguja, na kutoka huko familia nyingi zilikuwa na mguu mmoja Arabuni na mwingine Afrika Mashariki: shamba huku, nyumba kule, watoto pande zote. Anayetoka jangwani akakuta majumba ya ukubwa ule katika bonde la mitende lazima ajiulize mitende peke yake ingewezaje kuyalipia. Na hata mitende haikusimama peke yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 tende za Oman ziliuzwa kwa wingi Marekani, na mashamba ya pwani ya Batina yaliyozitoa yalilimwa kwa sehemu kubwa na Waafrika waliofikishwa huko kama watumwa. Kwa hiyo nguvu kazi ya Afrika Mashariki haikujenga Unguja tu. Ilivuka kama boriti zilivyovuka, ikabeba uchumi wa upande wa pili.

Pingamizi zito zaidi linahusu neno ukoloni. Wapo Wazanzibari wenye akili na elimu, na si wenye asili ya Oman tu, wanaosema kwamba neno hilo haliwastahili Waomani. Wanasema Waomani waliitwa na watu wa pwani wenyewe wawasaidie dhidi ya Wareno. Walikuja wakaoa, wakazaa, wakazika. Walizungumza Kiswahili mpaka wengine wakasahau Kiarabu. Hawakuja kuchuma na kuondoka kama Waingereza. Naiheshimu hoja hii kwa sababu sehemu zake ni za kweli. Mwaliko ulikuwepo, na kuchanganyika kulikuwa kwa dhati. Lakini kulowea si kinyume cha ukoloni. Makaburu nao walilowea. Swali la kuuliza ni ardhi ilibadilisha mikono kwa njia gani, nani alifanya kazi bila ujira, na nani alikuwa na bunduki siku ya kukataa. Wahadimu, yaani wenyeji wa kisiwa, waliosukumwa kutoka ardhi ya karafuu kuelekea upande wa mawe wa mashariki na kusini mwa Unguja, na waliotolewa kwao wakiwa wamefungwa minyororo, hawakupunguziwa chochote na ukweli kwamba bwana wao alijua Kiswahili safi. Nasema ukoloni, ila nakubali ulikuwa wa aina yake, uliozaa ndugu wa kweli pande mbili za bahari, na ndugu hao wapo mpaka leo.

Sasa turudi kwa wanaoutetea mlango. Watasema kwamba vifaa ni vifaa tu, na jengo ni la aliyelibuni. Boriti ingekatwa popote, fikra ilikuwa ya Oman. Hapo ndipo ushahidi wa majengo unapokuwa mkali. Kwanza, ufundi wa matumbawe, chokaa na boriti ulikuwepo mwambao huu karne nyingi kabla ya Said. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kilwa kuna Husuni Kubwa ya karne ya 14, na jirani yake Songo Mnara kuna nyumba ambazo vyumba vyake vyembamba vimetokana na urefu ule ule wa boriti. Pili, milango yenyewe si ya Kiomani kwa kiasi kinachodaiwa. Ile ya zamani yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ndiyo inayofanana na ya Arabuni, lakini ile yenye tao juu na nakshi za majani na maua yaliyojisokota imebeba mkono wa Gujarati, na ilienea zaidi kadiri Wahindi, waliokuwa wakopeshaji na wafanyabiashara wakubwa wa mji, walivyojenga. Roshani za mbao zilizotobolewa, kama za zahanati ya zamani ya Tharia Topan iliyowekewa msingi mwaka 1887, ni za asili hiyo hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, sehemu ya sura ya Kiarabu inayopigwa picha na watalii ilitengenezwa na Mwingereza. John Sinclair, ofisa wa serikali ya himaya aliyefika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akawa Mkaazi wa Uingereza, alichora majengo ya umma yenye matao na kuba: Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani lililofunguliwa mwaka 1925 ni miongoni mwake. Alichanganya mapambo ya Moroko, Istanbul na India akapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo Oman. Nenda Nizwa ukaitazame ngome ya karne ya 17: mnara mpana wa duara, kuta tupu, hakuna anasa. Mahakama ya Vuga haifanani nayo kwa lolote. Waingereza walipenda Zanzibar ionekane nchi ya Waarabu, kwa sababu uhalali wa himaya yao tangu 1890 ulisimama juu ya madai kwamba wanamlinda Sultani Mwarabu. Wakaijenga picha hiyo kwa mawe, nasi tumeirithi tukidhani ni ushahidi wa enzi ya Said.

Haki inanitaka niseme pia kilicho cha Oman kweli, maana kipo na ni kizuri. Ni ukavu wa nje wa nyumba za kwanza: majumba ya pembe nne, meupe, madirisha machache chini, na uwanja wa ndani uliofichwa. Ni misikiti ya Ibadhi isiyo na mnara wala nakshi, ambayo mpita njia wa Mji Mkongwe anaweza kuipita bila kuitambua, kama ilivyo katika vijiji vya Oman ya ndani. Watawala wa Kiomani hawakuwalazimisha raia wa Sunni kufuata madhehebu yao ya Ibadhi, na msikiti wa Malindi wenye mnara wa pia ulisimama katikati ya mji uliotawaliwa na Maibadhi bila kuguswa. Huo ni mchango wa kimaadili unaoonekana kwa jicho, na nausifu bila kusita. Lakini angalia kwamba nausifu kwa kile ambacho mlango mkubwa wenye njumu hausemi: kiasi. Milango ile ya fahari zaidi ilikuja baada ya utajiri, na utajiri ulikuja baada ya shamba.

Kuna jengo moja ambalo dari yake inasimulia mwisho wa kisa. Seyyid Barghash, aliyekaa uhamishoni Bombay baada ya jaribio la kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, alitawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga kwa kasi: Marhubi, Chukwani, hamamu ya Hamamni, mifereji ya maji ya mji, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib. Hapo boriti na matumbawe vilichanganywa na zege na mihimili ya chuma, na nguzo za chuma cha kusubu zikabeba veranda pana kuzunguka jumba. Ukumbi wa Sultani sasa haukupimwa tena kwa urefu wa mkoko. Watu huona hapo ukuu wa Sultani. Mimi naona utegemezi mpya: chuma kiliagizwa kutoka kwa wale waliomlazimisha kufunga soko la watumwa mwaka 1873, na meli za mvuke zilizokileta ndizo zilizokuwa zikiua majahazi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikaupiga mtaa wa makasri kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, Beit al-Ajaib ikabaki, na ikaja kuwa ofisi ya serikali ya himaya.

Yaliyofuata yanajulikana na yanauma. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliua maelfu na kuwatawanya wengi wenye asili ya Oman. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje, na Wazanzibari wengi wakaenda kujenga wizara, shule na hospitali za nchi ambayo baadhi yao walikuwa hawajaiona. Kiswahili kinasikika Muscat leo kwa sababu hiyo. Wapo wanaosema kwamba kwa jeraha kama hilo, kuzungumzia watumwa na boriti ni kuchokonoa kidonda, na kwamba majengo yaachwe yawe daraja la mapatano. Nakataa kwa sababu moja. Mapatano yanayotegemea mlango yanawapatanisha wenye nyumba tu. Waliokaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, hawamo. Nao nyumba zao za udongo zilisimama kwa fito na boriti kutoka msitu ule ule uliobeba dari ya Sultani. Mtaa huo ulikuwa na watu wengi kuliko Mji Mkongwe, lakini UNESCO ilipouandikisha Mji Mkongwe mwaka 2000, Ng'ambo ilibaki nje ya mpaka wa urithi. Anayesoma kwa vifaa anaziona nyumba zote mbili kuwa sehemu ya mji mmoja. Anayesoma kwa nakshi anaiona moja tu.

Ndiyo maana suala la Beit al-Ajaib si la mafundi peke yao. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati uliogharimiwa na Oman, sehemu ya jumba pamoja na mnara wa saa viliporomoka na watu wawili wakafa. Oman kugharimia si jambo baya. Ni haki kabisa kwamba nchi iliyopokea riale za karafuu irudishe kitu. Lakini anayelipa huchagua maelezo ukutani, na upande wa Tanzania una wajibu wa kuyaandika kabla haujaandikiwa. Pawe na dari moja iliyoachwa wazi, mgeni aone boriti, aelezwe Rufiji iko wapi, korija ni miti mingapi, nani aliikata na kwa ujira gani au bila ujira. Maelezo hayo hayo yawekwe pia katika makumbusho ya Muscat, chini ya dari za chandal, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Na katika ukarabati wenyewe chokaa ipewe nafasi yake. Saruji inayopakwa juu ya kuta za matumbawe huzuia unyevu usitoke, chumvi ikala jiwe kwa ndani, vichwa vya boriti vikaoza vilipozama ukutani, na dari ikashuka bila onyo. Hili mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua, ila wanaobaki wakijua kuchoma matumbawe na kuiacha chokaa iive wanazidi kuzeeka, na vijana hawaifuati kazi isiyo na mshahara wa uhakika. Fedha za mfuko wowote wa pamoja wa nchi hizi mbili zianze hapo: vijana wa Unguja, Rufiji, Lamu na Sur walipwe wajifunze chokaa na boriti kwa mafundi hao, na miti ikatwe kwa kibali katika msitu unaopandwa upya.